Boriti za Kwanza za Mkandaani

Mliosimama, kaeni. Hadithi hii mwisho wake ni swali, na mtu aliyesimama hukimbia kabla hajaulizwa. Nawajua.

Hapo zamani, wala si zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, simu zilikuwepo ila mtandao ulipatikana ukisimama juu ya kinu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mkandaani. Kilikuwa kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Na kando ya hori palikuwa na msitu wa mikoko, mnene, mizizi imesimama majini kama watu waliokunja nguo wasilowe.

Watu wa Mkandaani waliupenda sana msitu wao. Waliupenda wakaukata. Mtu akioa, boriti za mkoko. Akijenga choo, boriti za mkoko. Akichoma chokaa, kuni za mkoko, kwa kuwa moto wake ni mkali. Akija mfanyabiashara wa mjini, wanampakilia. Ukiwauliza, "Jamani, msitu si utaisha?" wanakujibu, "Kwani bahari huisha?" Sijui bahari iliingiaje hapo. Lakini ndivyo walivyojibu, na jibu liliwaridhisha wenyewe.

Msitu ukaisha. Kaa wakahama. Kamba wakahama. Bahari haikuisha, bali ilikuja kutembea. Lilipopiga bamvua kubwa, yale maji yanayojaa kupita kawaida, hapakuwa na kitu cha kuyazuia. Yakaingia kisimani, yakaingia kwenye mpunga, yakaingia nyumba ya kwanza kutoka horini. Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Mize, mjane. Ukuta wa udongo ukalainika, ukaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Haya, Bi Mize ajenge na nini? Boriti horini zimekwisha. Za dukani hazishikiki kwa bei. Ikabidi ahamie kwa binti yake. Na binti, kwa bahati nzuri au mbaya, ana mume.

Mmeanza kucheka. Mwenye mkwe anajua ninakokwenda.

Bi Mize na mkwewe Athumani waliheshimiana mpaka wakateseka. Bi Mize akitaka kwenda uani, hukohoa kwanza. Athumani akisikia kikohozi, huinuka akatoka nje kutazama mawingu. Athumani akitaka kula, hungoja mama amalize. Mama naye chakula hakishuki, anajua mkwe anangoja. Kupiga miayo hakuna. Kujinyoosha hakuna. Athumani alitazama mawingu sana mwaka ule, hata majirani wakawa wanamuuliza kama mvua ipo karibu. Usiku Bi Mize alimwambia binti yake, "Mwanangu, mumeo ni mtu mwema. Lakini mimi nataka kwangu."

Basi akaja mgeni kutoka wilayani. Akasema watu wa vijiji vya pwani wapande mikoko, irudi ikinge maji. Mkandaani wakasema, "Kwa nini tusipande? Tena leo leo!" Nani mbele? Bi Mize mbele, na khanga mpya kajitanda. Wakapanda wapi? Sikilizeni mambo. Mkoko hupenda matope yaliyotulia, ndani kule horini. Lakini gari la mgeni lisingefika matopeni. Basi wakapanda pale gari lilipofika, pwani peupe, mchangani, mawimbi yanapopigia. Picha zikapigwa. Wali ukaliwa. Mgeni akaaga kwa furaha.

Mawimbi nayo yakafanya kazi yao. Haukubaki hata mche mmoja. Kijiji kizima kikasema, "Basi, Mungu hakupenda." Maskini Mungu, husingiziwa mengi.

Aliyebaki ni Bi Mize. Alizikusanya mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoning'inia mtini kama bamia, akashuka nazo ndani ya hori, akawa anazichomeka matopeni. Maji yakipwa, yumo. Yakijaa, anatoka. Miche mingine ikafa, akachomeka mingine. Wapo wanaosema aliyapenda mazingira. Mimi nawaambia alimkimbia mkwe. Matopeni unaweza kupiga miayo utakavyo.

Huyo wa kwanza, Bi Mize mpanzi. Mshikeni.

Sasa, kule ndani ya hori palikuwa na miti mikubwa michache iliyobaki, na mbegu zote za Bi Mize zilitoka kwenye hiyo. Na kulikuwa na mwanamume mmoja akiifuata hiyo hiyo. Jina lake Faki, lakini walimwita Faki Shoka. Hapakuwa na nyumba Mkandaani ambayo boriti zake hakuzikata yeye. Alikuwa na nguvu, alikuwa na bidii, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: amelelewa vizuri.

Kukata boriti ni kazi ya maji kupwa. Maji yakirudi, shoka halina la kufanya. Bi Mize alilijua hilo. Kupigana na Faki hawezi. Kumfukuza hawezi, matope si yake. Lakini yeye ni mkubwa na Faki ni mdogo, na mdogo hamkatizi mkubwa salamu. Faki akija na shoka lake begani, Bi Mize anasimama mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na shangazi yako yule mwenye mguu?"

"Hajambo."

"Na mguu wenyewe?"

"Nao haujambo, Bi Mize."

"Alhamdulillahi. Na mbuzi wenu yule aliyezaa? Watoto wananyonya? Na jirani yenu aliyekwenda Tanga amerudi? Alileta nini?"

Faki anajibu. Anahama mguu huu, anahamia mguu huu. Shoka linamwelemea. Atamwambiaje mama mtu mzima anyamaze? Akija kuulizwa habari za wajomba, maji yako magotini. Anarudi nyumbani na shoka kavu. Kesho hivyo. Keshokutwa hivyo. Hata akaanza kupita njia ya nyuma, na Bi Mize akampata huko huko, akamuuliza kwa nini siku hizi anapita njia ya nyuma, kwema lakini?

Siku moja Faki akaketi juu ya kisiki, akacheka mwenyewe, akasema, "Bi Mize, umenishinda. Lete hizo mbegu nichomeke na mimi, mikono hii haijui kukaa bure."

Kuanzia siku hiyo shoka likalala. Faki akawa mlinzi wa hori, hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Waliokuja kukata kutoka vijiji jirani aliwarudisha. Nduguye wa tumbo moja alimrudisha, na mpaka leo hawaketi sinia moja. Na mjue jambo hili: Faki alikuwa na mchumba, Tatu, na baba yake Tatu alisema, "Nyumba kwanza, mke baadaye." Faki aliyeijengea Mkandaani nzima hakuwa na nyumba. Kinyozi hajinyoi. Angeweza kukata boriti zake siku yoyote, na kila siku alizipita, akazitazama, akaenda zake. Tatu akangoja.

Huyo wa pili, Faki mlinzi. Mshikeni naye.

Likaja lori. Mfanyabiashara wa mjini aliona hori limeanza kunenepa, akaja na vijana na misumeno ya mashine. Faki akasimama mbele yao, akasema, "Hapa hapakatwi."

"Sheria gani inakataza?" wakamuuliza.

Faki akafikiri. Sheria hakuwa nayo. Alikuwa na mikono tu.

Bi Mize akajitosa. "Hamjambo, wanangu? Mmeamkaje huko mjini? Mama zenu hawajambo?"

Wakasema, "Poa, bi mkubwa," wakawasha misumeno.

Jamani! Watu wa mjini! Silaha yote ile ya Bi Mize ikavunjika kwa neno moja. Upande mzima wa hori ukalala siku ile, na Faki na Bi Mize wakatazama. Bi Mize alilia mbele za watu, hakujificha.

Hapo ndipo anapoingia Nunu. Nunu alikuwa muuza maandazi, mumewe alikwenda kununua kamba ya mbuzi akapotelea huko huko, akamwachia watoto na mbuzi asiye na kamba. Alikuwa na mdomo ambao haukujua kufuli. Alipoona lile lori limeondoka na mikoko, akajifunga kibwebwe, akasema, "Kumbe inatakiwa karatasi? Nitaifuata."

Akaenda wilayani, kwenye ofisi ya halmashauri. Akaketi benchi. Akauliza, "Sisi wa Mkandaani tunataka sheria ndogo ya kulinda mikoko yetu. Naanzia wapi?" Wakamwambia aanzie kijijini. Akarudi, akaitisha mkutano, watu wakakubali. Akaenda tena. "Sheria yetu imefika wapi?"

"Ipo mezani, mama."

"Meza ipi? Nionyesheni niipanguse vumbi."

Wiki nyingine yupo. "Sheria yetu imefika wapi?"

"Inapitiwa."

"Nani anaipitia? Mimi nitamngoja mlangoni, asije akachoka peke yake."

Wakaanza kumjua kwa hatua zake. Wengine walikuwa wakisikia kandambili zake koridoni wanaingia chooni. Nunu akawangoja nje ya choo. Na kule nyumbani moto wake ukazimika, wateja wakahamia kwa muuza vitumbua, watoto wake wakala walichopewa na majirani. Mwisho madiwani wakaipitisha, wengine kwa kuipenda mikoko, wengine kwa kutaka amani. Sheria ikasema: hori la Mkandaani hakati mtu bila idhini ya kijiji. Na msitu ukishapona, kijiji kikate boriti za nyumba moja kila baada ya miaka kumi. Moja tu.

Lile lori lilirudi. Likaonyeshwa karatasi. Likageuza, likanasa matopeni, na hakuna mtu wa Mkandaani aliyeonekana kulisukuma.

Huyo wa tatu, Nunu mleta sheria. Mshikeni vizuri, msije mkasema hamkumsikia.

Miaka ikapita. Mikoko ikasimama. Kaa wakarudi, kamba wakarudi, maji ya kisima yakaacha kunyweka kama mchuzi. Bamvua likapiga, likafika kwenye mikoko, likachoka, likarudi. Bwana misitu akaja, akakagua, akasema, "Mwaka huu mnaweza kukata. Boriti za nyumba moja."

Kamati ya kijiji ikakutana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kibwana, mtu aliyechaguliwa kwa kuwa hana adui, na hana adui kwa kuwa hajawahi kuamua jambo. Akauliza, "Nani anaomba?" Akitumaini asiombe mtu.

Wakasimama watatu.

Bi Mize akasema, "Mimi nilipanda. Sheria hulinda nini kama hakuna mti? Mlinzi analinda nini, matope? Kila mkoko unaouona pale, mkono wangu ulikwenda chini kwanza. Na nyumba iliyoanguka ni yangu. Nimekaa kwa mkwe mpaka nimesahau kucheka. Nipeni boriti zangu nikalale kwangu."

Faki akasema, "Bi Mize ni mama yangu, simpingi. Lakini mbegu huchomekwa na mtu yeyote. Aliyekuwa na shoka ni nani? Kuacha ni kazi kuliko kupanda. Yeye hakuwahi kutamani kuikata, mimi nilitamani kila siku, nikaiacha. Nimegombana na ndugu yangu. Tatu ananingojea, na baba yake amechoka kungoja. Nipeni nijenge nioe."

Bi Mize akamjibu pale pale, "Na maji yaliyoangusha nyumba yangu yalipita wapi, Faki? Si pale ulipopasafisha wewe?"

Faki akainamisha kichwa. "Ni kweli. Lakini nyumba yako hiyo hiyo, boriti zake nani alizikata? Na ulizipokea kwa vigelegele."

Bi Mize akageuka kutazama hori, maana alikumbuka vigelegele.

Nunu akasema, "Mmemaliza? Mlipanda, lori likaja. Mlilinda, lori likaja. Mmoja alitoa salamu, mmoja alitoa kifua, na misumeno ikapita katikati yenu. Msitu huu umesimama kwa karatasi, na karatasi niliileta mimi, na wateja wangu nimewapoteza kwa ajili yake. Mvua ikinyesha napika huku nakinga moto kwa sinia. Boriti zile nataka nijenge mgahawa, nilishe wanangu na niwalishe nyinyi."

Faki akasema, "Mgahawa si nyumba."

Nunu akasema, "Wewe ukija kula utaona kama si nyumba."

Bi Mize akasema, "Na wewe Nunu, kabla ya karatasi yako, maandazi yale uliyapikia kuni gani?"

Nunu, yule wa mdomo usio na kufuli, akaanza kukaza kibwebwe kilichokuwa kimekazwa tayari. Walikuwa wamesikia wote harufu ya kuni za mkoko kila asubuhi, na maandazi walikuwa wameyala wao.

Mtu mmoja akasema wagawane. Wakamcheka. Boriti za nyumba moja ukizigawa kwa watatu unapata mabanda matatu ya kuku. Mwingine akasema wakate za nyumba tatu, nani atajua? Nunu akamtazama, na yule mtu akakumbuka kuwa ana shughuli kwake.

Bwana Kibwana akafuta jasho. Halafu akauliza swali, na mimi nadhani ndilo swali pekee aliloliuliza maishani mwake. Akasema, "Kila mmoja anieleze. Ukikosa, utafanya nini?"

Nunu akasema, "Sitasusa. Lakini sitakwenda tena wilayani. Sheria hupitiwa upya, na wafanyabiashara nao wana miguu na wanajua mlango. Siku hiyo tafuteni mwingine wa kukaa benchi. Mimi nitakuwa jikoni nakinga mvua."

Watu wakaogopa. Nani mwingine angewangoja wakubwa nje ya choo?

Faki akasema, "Nikikosa, Tatu ataolewa na mtu mwingine. Siwezi kukaa hapa nikimwona anapita na mtoto si wangu. Nitahamia kwa mjomba wangu. Hori mtalinda wenyewe."

Watu wakaogopa zaidi. Walijijua wao wenyewe vizuri.

Bi Mize akajitanda khanga upya. Kisha akasema, "Mimi nitalia. Nimezeeka, Kibwana. Nataka nikohoe kwa kuwa nina kikohozi, si kwa kuwa napita."

"Na baada ya kulia?"

"Maji yakipwa, nitashuka matopeni. Upande ule uliokatwa na lori bado kuna mapengo."

"Hata tukikunyima?"

"Miche ina kosa gani?"

Sauti ikatoka nyuma, ya mtu mmoja asiye na adabu, lakini swali lake lilikuwa la haki: "Na ukipewa nyumba, bi mkubwa, utashuka pia?"

Bi Mize hakuwahi kujua kusema uongo. Akafikiri, akasema, "Nikipata kwangu, mwanangu, nitalala. Nitalala hata mchana."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja, kila mtu alivyolielewa lile jambo. Na uso wa Bwana Kibwana ukaanza kung'aa, kama mtu aliyetafuta mlango gizani akaugusa. Maana aliona: wawili hawa ukiwanyima, wanaondoka. Huyu mama ukimnyima, anapanda. Akamgeukia Bi Mize, akafungua kinywa.

Hapo namkamata, namziba mdomo. Sitawaambia alisema nini. Kila nikifika hapa roho inaniuma, na nikimwachia Kibwana aseme nitagombana naye, na ni shemeji yangu.

Semeni nyinyi. Mkimpa Faki, anaoa, hori lina mlinzi. Mkimpa Nunu, mnakula, na sheria ina mdomo. Mkimpa Bi Mize, analala, na mapengo yanabaki mapengo. Mkimnyima, mapengo yanajaa, na mnaomnyima ni yule yule asiyeweza kuwaacha. Boriti ni za nyumba moja, hata mkipiga kelele haziongezeki.

Haya, wewe uliyecheka kuliko wote, anza wewe, na umtazame Bi Mize usoni ukilitaja jina: boriti zile za kwanza, nani alistahili kukatiwa?